Mashine Bado Haijaamka

Maximilla hakuumbwa kukaa. Mwulize yeyote pale Langas, mtaa wa Eldoret, atakwambia. Kanisani, mahubiri yakipita nusu saa, yeye huanza kupanga upya vitabu vya nyimbo kwenye benchi lake, kisha vya benchi la mbele, mpaka shemasi amkazie macho. Ajabu basi ni kwamba mwanamke wa namna hiyo aliishi miaka tisa na laptop iliyochukua karibu nusu saa kuamka.

Kuamka lilikuwa neno lake mwenyewe. Laptop za watu wengine ziliwaka. Ya Maximilla iliamka, tena kwa kununa. Aliinunua mtumba baada ya kiwanda cha nguo alimokuwa karani kufunga milango, akakodi kibanda cha mabati kando ya barabara na kuandika mlangoni kwa rangi ya buluu: MAXIMILLA BUREAU. Alitarajia barua za kuomba kazi na mikataba ya mashamba. Kilichokuja ni vifo. Watu wengi wa Langas wametoka magharibi, Bungoma na Kakamega na kwingineko, na mtu akifa hapa huombewa mjini kisha husafirishwa kuzikwa kwao. Hakuna mwili unaopanda gari bila kijitabu chenye picha, nyimbo na wasifu wa marehemu. Wasifu huo husomwa mara mbili, kwanza hapa mbele ya majirani, halafu kule nyumbani mbele ya waliomzaa. Maximilla ndiye aliyekuwa akiuandika. Wateja walimwita Mama Priscah, kwa jina la bintiye. Akiwa hayupo walimwita Mama Eulogy, kwa hizo wasifu zake, na alijua.

Kila mteja alipoingia, Maximilla alibonyeza kitufe na kusema maneno yale yale: "Hii mashine ni mzee. Inaamka polepole." Kiduara kidogo kikaanza kuzunguka kwenye kioo cheusi, na hapo ndipo mateso yake yalipoanza. Alifuta meza. Alifuta tena meza aliyokwisha kuifuta. Aliwasha jiko la gesi, akabandika chai, akafungua mlango, akaufunga. Mfiwa alikaa kwenye benchi na kikombe mkononi, hana la kufanya ila kuongea au kulia, na kwa kawaida alifanya yote mawili. Maximilla aliitikia "ehee" na "kumbe" huku jicho liko kwenye kile kiduara, akikitukana kimoyomoyo.

Lakini wasifu wake ulisifika. Kuna mlinzi mmoja wa huko Sugoi aliyeandikiwa kwamba hakuwahi kumfukuza mbwa wa mtu bila kumwita kwanza kwa jina lake, na matanga mazima yalicheka huku yanalia. Watu walikata vijitabu vyake na kuvihifadhi ndani ya Biblia. Maximilla aliamini sababu ni cheti chake cha usekretari, ambacho kilining'inia ukutani ndani ya fremu na kupanguswa vumbi kila Jumatatu.

Halafu mwezi wa tano vijana wawili wakafungua cyber ng'ambo ya barabara. Kompyuta sita, printa ya rangi, na kiti cha kuzunguka ambacho watoto wa mtaa walipigania. Wateja wakaanza kuvuka. Mmoja alivuka akiwa amekwisha kuketi kwa Maximilla, kikombe kimejaa, kiduara kinazunguka. Alitazama saa ya simu, akasimama.

"Nisamehe, Mama. Mwili unatoka mochari saa nane."

Akachukua picha ya marehemu na kitambulisho chake, akaangalia magari kulia na kushoto, akaenda zake. Maximilla alimsindikiza kwa macho mpaka akaingia kwa wale vijana. Chai ile hakuimwaga wala kuinywa. Kesho yake aliifunga laptop kwa leso kama mtoto anayepelekwa kliniki, akaenda mjini kwa Kipyego.

Kipyego ni fundi wa kompyuta mwenye chumba kidogo ghorofani, juu ya duka la mbegu. Aliiwasha laptop, akainama na kulaza sikio juu yake.

"Mama, hii si slow. Hii imechoka," alisema. "Skia hiyo kukwaruza. Hapo ndani kuna kisahani kinazunguka na kasindano kanasoma. Sasa kasindano kamezeeka, kanatafuta kitu moja dunia nzima."

"Dawa yake?"

"Tutoe hiyo disk, tuweke SSD. Haina kitu ya kuzunguka, haina sindano. Ni chips tu."

"Na kazi yangu? Niko na watu mia nne na kumi na mbili humo ndani."

Kipyego alitabasamu kusikia akiwaita watu. "Nitaclone, Mama. Kila kitu kitahama vile kiko, hata picha ya mbele."

"Umewahi kupoteza kazi ya mtu?"

Fundi alijikuna kidevu. "Hii haitapotea."

Jibu hilo halikumpa raha hata kidogo. Kipyego aliunganisha diski mpya kwa waya, akabonyeza hapa na pale, na mstari wa kijani ukaanza kusogea kwenye kioo. Maximilla aliketi. Goti lake likaanza kutikisika, meza ikatikisika nalo, na zile skrubu ndogo ambazo Kipyego alikuwa amezipanga kwa ukubwa zikaanza kutembea.

"Tafadhali Mama, screw zangu."

Akatoka. Alinunua vitunguu ilhali nyumbani ana vitunguu. Akarudi, asilimia kumi na nane. Akatoka tena, akaingia kanisa la kwanza aliloliona wazi, akapiga magoti, akainuka kabla hajafika kwenye mkate wetu wa kila siku. Asilimia thelathini na nne. Aliwaza mashine ikizimika katikati, na watu wake mia nne na kumi na wawili wakifa mara ya pili mikononi mwake. Alipanda na kushuka zile ngazi mpaka mwenye duka la mbegu akamuuliza kama kuna mtu anamtafuta.

Mara ya mwisho alikuta Kipyego amekwisha kufunga skrubu na anapuliza vumbi la mwisho. Fundi alibonyeza kitufe. Maximilla, kwa mazoea, aligeuka kutafuta kitambaa cha kufuta meza. Alipogeuka tena, picha ya bintiye Priscah ilikuwa inamtazama kutoka kwenye kioo na joho lake la mahafali.

"Tayari?"

"Sekunde kumi na tatu."

Aliizima. Akaiwasha. Akaizima tena na kuiwasha, mara nne, akicheka kama msichana. Watu wake wote walikuwamo. Kipyego alimpa ile diski ya zamani, kipande cha chuma kinachotosha kiganja, naye akairudisha upande wa fundi.

"Kaa nayo. Sitaki hata kuiona."

Kipyego aliitupa ndani ya droo.

Jumanne yake alikuja Lawrence, kijana wa bodaboda, kumwandikia mama yake. Maximilla alimfahamu marehemu kwa juujuu. Hulda, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, walisali kanisa moja, na kila Jumapili alikaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango. Walisalimiana miaka mingi bila kwenda mbali na habari za mvua. Lawrence hakuwa hata amevua kofia ya pikipiki na mashine ilikuwa macho.

"Sema, baba. Jina kamili?"

Alizaliwa lini, alisoma wapi, aliolewa na nani, watoto wangapi. Kazi: kibarua cha mahindi kwenye mashamba ya Ziwa, kisha mboga sokoni. Ugonjwa: presha. Maximilla aligonga herufi kama mvua ya mawe juu ya mabati, na baada ya dakika ishirini kijitabu kilikuwa kinatoka kwenye printa kikiwa moto.

"Aki Mama, umewaweza hao wa hapo ng'ambo," Lawrence alisema.

Maximilla alitoka mpaka mlangoni kumsindikiza, na akawapungia mkono vijana wa cyber, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wafungue.

Maombi yalifanywa Alhamisi saa nane mchana nyumbani kwa marehemu, kwa kuwa mwili ungeondoka mochari kesho yake asubuhi na basi la waombolezaji. Maximilla alivaa vizuri, akakaa mstari wa pili. Kijana wa kanisa alisimama na kusoma wasifu. Alizaliwa mwaka fulani. Akasoma mpaka darasa la saba. Akafunga ndoa. Akajaliwa watoto watatu. Alikuwa mcha Mungu, mchapakazi na mpenda watu. Wanawake walijipepea kwa vijitabu. Mzee mmoja alijibu simu bila kutoka nje. Kijana alimaliza kabla kwaya haijapata viti, na kimya kilichofuata hakikuwa cha kilio. Kilikuwa cha watu wanaongoja kitu kianze.

Ndipo akasimama Rosebella, mdogo wake Hulda, kijitabu mkononi. Hakupaza sauti.

"Nauliza tu," alisema. "Huyu mmesoma ni nani?"

Vijitabu vikaacha kupepea.

"Maanake hapa naweza kuweka jina yangu na itaingia. Naweza kuweka ya huyu mama, na ya yule, na itaingia. Mama yetu yuko na miaka themanini na nne. Kesho kutwa nisimame mbele yake nisome hii? Nimwambie, mama, ndiyo hii Hulda yako, Eldoret imekurudishia?"

Lawrence aliinamisha kichwa. Watu waligeuza vijitabu, na nyuma, chini kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa kumeandikwa: Maximilla Bureau, Langas. Macho yakamjia moja moja. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Katika miaka tisa hakuna aliyewahi kumrudishia marehemu.

Alimfuata Rosebella kando ya nyumba, penye tanki la maji.

"Nitaandika upya. Basi inatoka saa nne, si ndiyo? Kuja kwangu saa moja. Lakini niambie, dada, alikuwa mtu wa aina gani?"

Rosebella alifikiri. "Alikuwa mtu mzuri."

"Na nini ingine?"

"Alipenda watu." Akakikunja kijitabu. "Alikuwa mcha Mungu."

Wakatazamana. Ni maneno yale yale ya kijitabuni, na wote wawili waliyasikia. Rosebella akaanza kulia kwa hasira, akaondoka.

Maximilla hakungoja chai ya matanga. Alirudi kibandani karibu mbio, akawasha mashine na kuanza kufungua wasifu wa zamani, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja ulifunguka kabla kidole hakijainuka. Hapa kulikuwa na yule mlinzi na mbwa wake. Hapa mwanamke aliyekuwa akitia chumvi kwenye chai ya mgeni makusudi, aone nani ana adabu ya kunywa. Hapa mwalimu aliyestaafu lakini akaendelea kupiga kengele ya saa mbili nyumbani kwake, kwa sufuria. Aliyasoma mambo hayo kama yameandikwa na mtu mwingine. Je, haya aliyauliza vipi? Alijaribu kukumbuka swali hata moja, asilipate. Hakuwahi kuuliza. Yule dada wa mwalimu alikuwa ameshika kikombe akitazama ukutani, akasema tu, bila kusemeshwa, na kiduara kilikuwa kinazunguka. Yule wa chumvi, kiduara kilikuwa kinazunguka. Wote.

Alifunga kibanda, akasimamisha pikipiki ya kwanza.

Kipyego alikuwa anateremsha pazia la dirisha alipomwona mlangoni akihema.

"Imekufa?"

"Haijakufa. Nirudishie ile ya zamani."

"Ile gani?"

"Ile diski. Irudishe ndani, kama ilivyokuwa."

Kipyego alicheka, kisha akaona uso wake na kuacha. "Mama, watu wananiletea hizi vitu ziende mbio. Hakuna mtu amewahi kuniambia nipunguze."

"Imekuwa na haraka sana." Hakujua aeleze vipi zaidi. "Mtu hajaketi, iko tayari inamwangalia."

"Nikikurudishia leo, naweza kukupotezea kila kitu. Ile ilikuwa imebakisha siku. Si ulisikia vile ilikuwa inalia?" Alifungua droo, akaitoa, akaizungushia gazeti na kumpa mikononi, kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake kitu asichokielewa. "Lakini ni yako. Enda nayo."

Alirudi Langas na kile chuma ndani ya mkoba. Usiku huo hakuna upande wa kitanda uliomfaa.

Ijumaa saa moja mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na barabara ya mtaa ilikuwa uji mtupu. Rosebella aliingia akiwa amejifunga leso nyeusi, akapangusa viatu kwenye gunia la mlangoni, akaketi kwenye benchi. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka.

"Niko na saa mbili tu, Mama Priscah."

"Karibu."

Kidole cha Maximilla kilikwenda chenyewe kwenye kitufe. Kilikuwa kimekigusa tayari. Sekunde kumi na tatu, halafu, sema, dada, jina kamili? Alikiondoa. Akaigeuza laptop kidogo, kioo kimwelekee yeye peke yake.

"Hii mashine ni mzee," alisema, na sauti yake ilimtetemeka kidogo kwa uongo huo. "Inaamka polepole."

Rosebella aliitikia kwa kichwa tu. Maximilla akabandika chai. Zamani angefuta meza sasa, angefungua mlango na kuufunga. Alivitaka vyote hivyo kwa mwili mzima. Akaketi, akaiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Maji yalianza kuimba kwenye sufuria. Saa ya ukutani ilikuwa inakata dakika za basi, na yeye alizihesabu zote. Aliwaza: kama hatasema kitu, nimemwibia saa yake na dada yake pia. Alimimina chai. Rosebella alishika kikombe kwa mikono miwili na kutazama mlangoni.

Nje mtu alipita kwenye matope, na buti zake za mpira zikatoa ile sauti ya kunyonya, chwa, chwa. Rosebella alizisikiliza mpaka zikapotea.

"Hulda alikuwa na gumboots," alisema.

Maximilla hakusema hata "ehee."

"Zilikuwa za bwana yake. Size ten. Alipokufa, ndugu zake walikuja wakabeba redio, wakabeba koti, hata panga. Hizo wakaacha, maanake moja ilikuwa na shimo. Akaziba hiyo shimo na kipande ya tube ya baiskeli. Anajaza magazeti hapo mbele kwa vidole, anavaa. Anaenda nazo Ziwa kuvuna, anaenda nazo soko. Anaenda nazo kanisa! Viatu amebeba kwa mfuko ya unga, akifika kwa gate anabadilisha." Alianza kucheka, na kicheko kikampiga kwikwi. "Tukimwambia atupe, anasema, mzee wangu bado anatembea."

Alikunywa. Alirudi kutazama mlangoni, na Maximilla akaikalia tena mikono yake mpaka ikafa ganzi.

"Siku msichana wangu aliolewa, wakwe walikuja. Watu wa pesa. Mvua ilinyesha, Hulda akachelewa, akasahau kubadilisha. Akaingia nazo kanisa. Matope mpaka hapa. Akakuja moja kwa moja mbele, akae na mimi, si mimi ni ndugu yake?" Kikombe kiligonga meno. "Nikamwambia, dada, kaa nyuma kwanza. Kwanza. Ndiyo nilisema. Hakurudi mbele tena. Miaka sita, Mama Priscah. Kila Jumapili nageuka namwona hapo kwa mlango, ananisalimia na mkono, hana hasira. Nikasema nitamwambia. Next Sunday nitamwambia."

Akaweka kikombe chini na kulia, wazi, bila kujifunika. Maximilla naye alikuwa analia. Miaka yote ile alidhani yule mwanamke mrefu alikaa mlangoni kwa kupenda hewa.

Mwishowe Rosebella alijipangusa kwa ncha ya leso, akatazama mezani.

"Mashine bado haijaamka?"

"Bado."

"Lawrence aliniambia uliweka kitu mpya ndani. Alisema inawaka hata kabla mtu hajaketi." Aliinama, akachungulia pembeni mwa laptop, mahali pa kile kitaa kidogo cha kijani. Hakikuwa kinawaka.

Uso wa Maximilla ulipata moto. Alichomoa mkono uliokufa ganzi, akaupeleka kwenye kitufe.

Rosebella akaushika.

"Wacha," alisema, na kwa mkono wa pili akasogeza kikombe. "Niongezee chai. Sijakuambia vile alikuwa anaimba."